Kujifunza Kijerumani: njia ipi inakufungua mdomo

Wanaojifunza Kijerumani Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, wengi wao wana tarehe kichwani. Anayemfuata mume au mke Ujerumani anadaiwa cheti cha A1, ngazi ya kwanza ya lugha; zinazofuata ni A2, B1 na B2. Anayekwenda kuwa au pair, yaani kuishi na familia na kuwaangalia watoto wake, naye ni A1 hiyohiyo. Anayetafuta Ausbildung, yale mafunzo ya kazi yanayoambatana na posho, kwa kawaida huambiwa alete B1, na muuguzi anayetaka taaluma yake itambuliwe kule huhitaji B2. Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira Septemba 2024, na tangu hapo matangazo ya kozi yamezidi, kila moja na njia yake ya mkato.

Hapa tunazipima njia hizo kwa kigezo kimoja kabla ya vingine: je, inakulazimisha utoe neno mwenyewe, kwa kinywa au kwa kalamu, au inakuomba ulitambue tu likishaletwa mbele yako? Mtu anaweza kuona Schlüssel akajua papo hapo kuwa ni ufunguo. Mwulize ufunguo kwa Kijerumani ni nini, atabaki anakodoa macho. Kutambua na kutoa ni kazi mbili tofauti, na nyingi kati ya njia zinazouzwa hufundisha ya kwanza huku zikikuaminisha kwamba umepata ya pili.

Kipimo chetu ni mtihani wa A1 wa Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni. Una kusikiliza dakika 20 hivi, kusoma 25, kuandika 20, na kuzungumza kwa kikundi dakika 15 hivi. Kufaulu ni alama 60 kati ya 100. Orodha yake rasmi ina maneno 650 hivi, na taasisi yenyewe hukadiria vipindi 80 hadi 200 vya dakika 45 kwa anayeanza sifuri, yaani saa 60 hadi 150.

Duolingo

Programu hii ya simu ndiyo mlango wengi wanaouingilia, na sababu ni nzuri. Hudaiwi ada ya kuanza, somo moja ni dakika chache, na ule mfululizo wa siku unamrudisha mtu kila jioni hata akiwa amechoka. Kwa kujenga mazoea hatujaona programu inayoizidi.

Tatizo la kwanza: Mswahili anajifunza humo Kijerumani kwa kupitia Kiingereza, na Kiingereza kinamfichia vitu ambavyo lugha yake ingemwonyesha bure. Kiingereza kina "you" moja tu. Kiswahili kina wewe na ninyi, sawa kabisa na du na ihr. Tena kitenzi cha Kiswahili hubadilika kwa nafsi sita: ninasoma, unasoma, anasoma, tunasoma, mnasoma, wanasoma. Kijerumani kina nafsi hizohizo: ich lerne, du lernst, er lernt, wir lernen, ihr lernt, sie lernen. Aliyezoea kubadilisha kichwa cha kitenzi anahamishia mabadiliko mkiani, basi. Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili anaweza kulimaliza somo hili kwa nusu saa. Mwanafunzi anayepitia Kiingereza huhangaika nalo wiki tatu.

Kuna pale Kiswahili kinapotuangusha pia, na ni vizuri kupajua mapema. "Yeye" haitofautishi er (wa kiume) na sie (wa kike), na kosa la kumwita mama "er" huwafuata hata waliofika B1. Na kwa kuwa "ni-" imo ndani ya kitenzi, anayeanza huandika "Komme aus Tansania" akaisahau ich.

Tatizo la pili ni vile vibao vya maneno vya kugusa na kupanga. Sentensi "Das Mädchen trinkt Wasser" ikiletwa kwa vibao vinne vilivyochanganywa, jicho linaona herufi kubwa, sentensi inajipanga. Hujaitoa wewe. Dawa ni kuzima vibao na kuandika kwa kibodi kila programu inapokuruhusu, kusema jibu kwa sauti kabla ya kugusa chochote, na kuwa na daftari ambamo kila jina jipya linaandikwa pamoja na der, die au das yake, kibainishi kinachoonyesha jinsia ya jina. Dakika 15 kwa siku zinatosha. Anayekaa humo saa nzima akidhani anasoma kwa bidii, anakusanya pointi.

Kadi: Anki, au boksi la viatu

Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 jinsi kumbukumbu inavyoporomoka haraka mwanzoni, kisha polepole, na jinsi kurudia kwa nafasi kunavyoizuia. Anki, programu iliyoanza mwaka 2006, imejengwa juu ya jambo hilo: kadi unayoijua inarudi baada ya siku nyingi, usiyoijua inarudi leo. Kwenye kompyuta na simu za Android ni ya bure. Kwenye iPhone inalipiwa.

Kwa maneno 650 ya A1 hakuna njia tunayoiamini zaidi, ila kwa sharti la namna kadi inavyoandikwa. Mbele iwe Kiswahili, nyuma Kijerumani. Ukigeuza ukaweka Kijerumani mbele umerudi kwenye kutambua. Jina lisiingie bila kibainishi na wingi wake: der Schlüssel, die Schlüssel, das Kind, die Kinder, die Wohnung, die Wohnungen. Hili kwa Mswahili si geni. Hajawahi kujifunza kiti bila viti, wala mti bila miti. Tofauti ni kwamba ngeli ya Kiswahili mara nyingi huonekana kichwani mwa neno, na jinsia ya Kijerumani imejificha, isipokuwa kwa mikia michache inayojulikana: -ung, -heit, -keit, -schaft na -tion ni die, -chen na -lein ni das, ndiyo maana hata msichana, Mädchen, ni das.

Vitenzi viingie ndani ya sentensi. Kadi inayosema "kupiga simu: anrufen" ina faida ndogo sana. Andika mbele "Nitakupigia kesho" na nyuma "Ich rufe dich morgen an". Tazama kilichotokea hapo: neno moja, nitakupigia, limevunjika vipande vinne, na kipande cha an kimetupwa mwisho wa sentensi baada ya kesho. Hakuna maelezo ya sarufi yanayokaa kichwani kama kadi hiyo ikisemwa kwa sauti mara kumi ndani ya mwezi.

Mambo yanayoharibu Anki ni yaleyale kila mara. La kwanza ni kushusha mkusanyiko wa kadi 4,000 uliotengenezwa na mtu mwingine, kwa Kiingereza, wenye maneno ya B2. La pili ni kuacha idadi ya kadi mpya kwenye 20 kwa siku kama programu inavyokuja. Marejeo hulimbikizana, na baada ya wiki kadhaa mtu anakuta mia mbili zinamsubiri, anafunga, harudi tena. Weka 10. Marejeo yatatulia kwenye mia moja hivi kwa siku, kazi ya dakika 20, na maneno 650 yatakuwa yameingia kwa siku 65. La tatu ni vitufe: umesahau, bonyeza cha kwanza. Wengi wanaona haya wanabonyeza cha pili, kile cha "ngumu", na programu inahesabu kuwa umekumbuka. La nne ni kuingiza siku moja maneno yanayofanana. Küche ni jiko, Kuchen ni keki, Kirche ni kanisa. Ukiyaleta pamoja yatapigana kichwani miezi. Achia wiki mbili kati yao. Kadi ikikukosesha mara 8 baada ya kuwa umeshaijua, Anki huitia alama ya kadi sugu, na hiyo ni ishara ya kuiandika upya kwa sentensi nyingine. Kuiacha ilivyo ni kujitafutia kosa la tisa.

Asiye na simu ya kutegemea asione amepungukiwa. Mjerumani Sebastian Leitner alieneza katika miaka ya 1970 njia ya boksi lenye vyumba vitano. Kata manila vipande vya ukubwa wa kiganja, chukua boksi la viatu, weka vizuizi vinne vya kadibodi. Chumba cha kwanza kila siku, cha pili kila baada ya siku mbili, cha tatu siku nne, cha nne wiki, cha tano wiki mbili. Kadi ukiipata inasogea mbele chumba kimoja, ukiikosa inarudi mwanzo hata kama ilikuwa ya tano. Inafanya kazi ileile, na haili chaji wala bando.

Kozi za sauti

Pimsleur ni somo la nusu saa la kusikiliza na kujibu. Paul Pimsleur alieleza mwaka 1967 mpangilio wa kurudia unaoanza na sekunde 5, kisha 25, kisha dakika 2, kisha 10, na kuendelea hadi siku na miezi, na masomo yamejengwa hivyo: neno linafundishwa, linaachwa, unaulizwa ghafla. Kwa kigezo chetu cha kutoa neno, inapata alama za juu. Hasara zake ni bei ya kila mwezi, maelekezo ya Kiingereza, na msamiati mdogo. Aliyesoma kwa Pimsleur pekee huongea vizuri, kisha akipewa fomu ya kujaza jina la ukoo na tarehe ya kuzaliwa haelewi anachoulizwa.

Language Transfer ya Mihalis Eleftheriou ni ya bure. Kijerumani kina masomo 50, na mradi huohuo una kozi ya Kiswahili kwa wageni. Mwalimu anamwongoza mwanafunzi aunde sentensi mwenyewe, nawe unasimamisha sauti na kujibu kabla yake. Usiposimamisha, unasikiliza mtu mwingine akijifunza. Inajengwa juu ya undugu wa Kiingereza na Kijerumani, kwa hiyo inamfaa ambaye Kiingereza chake kimekaa sawa, mwingine aiache.

Wengi husikiliza kozi hizi ndani ya daladala au matatu, midomo imefungwa. Hapo faida yote inapotea. Zinafaa jikoni, ukifua, ukitembea peke yako, mahali ambapo unaweza kujibu kwa sauti bila kuona aibu.

Na hapa kwenye sauti tuongeze kitu ambacho kozi hizo hazitamwambia Mswahili. Sauti ya ch katika Buch tunayo jirani yake: ni ile kh ambayo watu wa pwani huitamka katika kheri. Na r ya Wajerumani, ile ya kooni inayowatesa wengi, iko karibu mno na gh ya ghali na ghorofa. Anayetamka ghorofa kwa gh kamili, asiyesema "gorofa", ameshafika robo tatu ya njia kwenye neno rot. Kwa ü, sema "i" ndefu, kisha viringa midomo kama unasema "u" bila kuusogeza ulimi. Kwa ö fanya hivyo kuanzia "e" hadi midomo ya "o". Schon ni tayari, schön ni -zuri. Rekodi yote mawili kwenye simu na usikilize kesho yake, kwa maana sikio la leo linakupendelea.

Kikwazo kikubwa zaidi ni konsonanti zinazorundikana mwishoni. Kiswahili kinapenda irabu mwisho wa neno, nasi hatukuona tabu kuifanya Schule iwe shule na Heller, jina la sarafu, iwe hela. Ila ukienda kwa daktari ukasema "Arzti", au ukamwambia mtu "du sprichisti", hutaeleweka upesi. Fanya mazoezi kutoka nyuma: t, kisha st, kisha chst, kisha sprichst. Na mkazo: Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Kijerumani mara nyingi kwenye ya kwanza. ARbeiten, ANtworten.

Nicos Weg ya Deutsche Welle

Kwa kitu cha bure, hii ni kazi ya thamani kubwa kutoka shirika la utangazaji la Ujerumani. Ni filamu iliyokatwa vipande vifupi, inamfuata kijana Nico kutoka Hispania anayefika Ujerumani na begi lake linapotea. Ina ngazi za A1, A2 na B1, kila kipande kikiwa na mazoezi, sarufi na maandishi ya mazungumzo. Mtu anasikia Kijerumani kinavyosemwa na watu, siyo sentensi za tembo anayekunywa maziwa.

Ila watu huitazama kama tamthilia, na ikiisha wanajua kisa, hawajui lugha. Kipande cha dakika mbili kinataka nusu saa. Tazama mara ya kwanza bila maandishi, jiulize nani, wapi, anataka nini. Mara ya pili andika maneno uliyoyashika. Mara ya tatu fungua maandishi uone ulichokosa. Kisha chagua mistari mitano, cheza mstari mmoja, simamisha, uandike kama imla, ulinganishe. Mwisho sema mistari hiyo pamoja na mhusika, kwa kasi yake. Mazoezi ya tovuti yenyewe ni ya kubofya kwa wingi, hayasahihishi uandishi wako wala matamshi, kwa hiyo hatua hizo mbili za mwisho ni za kujiongezea mwenyewe. Bando likiwa dogo, tafuta penye Wi-Fi ushushe sauti na maandishi, ufanyie kazi nyumbani.

Kwenye kusikiliza kuna mitego miwili ambayo mwenye Kiswahili huangukia kuliko wengine. Namba: Wajerumani husema moja-na-ishirini, einundzwanzig. Sikio linasikia "moja" mkono unaandika 1, na namba ya simu imeharibika. Zoezi lake ni la kuchosha lakini linafanya kazi: mtu akusomee namba 20 za tarakimu mbili kila siku, uandike bila kusimama, kwa wiki mbili. Na saa. Acht Uhr asubuhi kwetu ni saa mbili. Halb acht si saa nane na nusu yao, ni nusu ya kuiendea nane, yaani 7:30, ambayo kwetu ni saa moja na nusu. Mtu anapaswa kupinda mara mbili, na muda hautoshi. Usitafsiri. Weka saa ya simu kwenye mfumo wa saa 24 na uisome kwa Kijerumani kila unapoitazama, mpaka 7:30 iwe halb acht bila kupitia Kiswahili.

Pia: "Langsam gesprochene Nachrichten" ya Deutsche Welle, habari zinazosomwa taratibu, hupendekezwa kwa wanaoanza kwa sababu ya hilo neno taratibu. Ni za taratibu kweli, lakini msamiati ni wa siasa na uchumi. Ziache mpaka uelekee B2. Video za mitaani za Easy German, zenye maandishi chini, zinafaa kuanzia A2.

Darasa

Faida ya darasa ni mpango, mtihani wa majaribio, na watu wa kukuuliza ulikuwa wapi jana. Goethe-Institut zipo Nairobi na Dar es Salaam, na hapohapo mtihani hufanyika. Shule binafsi ni nyingi, na ubora umetofautiana kama mbingu na ardhi.

Piga hesabu kabla ya kulipa. Darasa la watu 16, kipindi cha dakika 90, mwalimu anaongea nusu ya muda: kila mwanafunzi anabaki na chini ya dakika 3 za kufungua mdomo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa shule ni idadi ya wanafunzi, na la pili ni iwapo kuna kazi ya wawiliwawili. Uliza vipindi ni vingapi kwa jumla na kila kimoja ni dakika ngapi. Uliza kitabu: Netzwerk neu, Menschen au Schritte international vyote ni vizuri, vina sauti zake; kabrasha la kurasa zilizonakiliwa kwa rangi nyeusi halina sauti, na sehemu ya kusikiliza itakushinda. Uliza mwalimu ana cheti cha ngazi gani. Uliza ada ya mtihani imo au haimo.

Na uliza cheti watakachokupa ni cha nini. Cheti cha kuhudhuria kozi si cheti cha mtihani. Ubalozi unatambua mitihani ya taasisi kama Goethe, telc na ÖSD, na karatasi yenye mhuri wa shule, hata iwe na nembo ya dhahabu, haitakuvusha.

Ahadi inayotuuma zaidi ni ile ya "sifuri hadi B1 kwa miezi mitatu". Goethe-Institut hukadiria vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45 kufikia B1. Hata ukichukua 350, ni saa 262. Miezi mitatu ya Jumatatu hadi Ijumaa ni siku 65 hivi, yaani saa 4 za darasani kila siku bila kukosa, na hiyo ni kwa mwanafunzi mwepesi kuliko wote. Ukichukua 650 ni saa saba na nusu kwa siku. Bado hujafanya kazi ya nyumbani. Watu wanauza viwanja na ng'ombe kulipia ahadi hizi, na hawastahili kufanyiwa hivyo. Atakayesema miezi minane hadi kumi ya kusoma kwa nguvu anakuheshimu zaidi.

Nafuu moja kwenye B1: mtihani wa Goethe una sehemu nne zinazoweza kufanywa kila moja peke yake. Ukianguka kuandika, unarudia kuandika.

Mwalimu wa mtandaoni na tandemu (kubadilishana lugha)

Kwenye tovuti kama italki au Preply unamlipia mwalimu wa peke yako, kwa kadi ya benki au kadi pepe ya pesa za simu. Hapa ndipo mdomo hufunguka kwa haraka kuliko popote, kwa kuwa hakuna wa kujificha nyuma yake. Nusu saa mara mbili kwa wiki ni bora kuliko saa moja mara moja. Mtumie mada siku moja kabla. Mwombe akuandikie makosa yako wakati unaongea, asikukatize, na baada ya somo kila kosa liwe kadi. Somo likigeuka kuwa maongezi ya Kiingereza kuhusu sarufi, badilisha mwalimu.

Asiye na pesa ya mwalimu ana mtaji ambao wengine hawana: Kiswahili chenyewe. Kinafundishwa katika vyuo vikuu vya Bayreuth, Leipzig na Hamburg, na wanafunzi wake wanatafuta watu wa kuongea nao. Kwenye programu ya Tandem andika wazi kwamba unatoa Kiswahili unataka Kijerumani. Weka kengele: dakika 30 lugha moja, kengele ikilia mnahama, asiyejua neno aeleze kwa kuzunguka. Bila kengele, lugha ya mwenye kujua zaidi hushinda, na wiki ya tatu mnaongea Kiingereza.

Programu za akili unde zina kazi moja nzuri: kusahihisha uandishi. Mtihani wa A1 unataka ujumbe wa maneno 30 hivi wenye hoja tatu. Mathalani, huwezi kuja darasani: sema kwa nini, uliza kazi ya nyumbani, sema utarudi lini.

"Liebe Frau Weber, ich kann morgen leider nicht zum Kurs kommen. Meine Tochter ist krank und ich muss mit ihr zum Arzt gehen. Was ist die Hausaufgabe? Am Montag komme ich wieder. Viele Grüße", kisha jina lako.

Hoja zote tatu zimo. Angalia "Am Montag komme ich": kitenzi kimekaa nafasi ya pili, na ich ikaenda nyuma yake. Kosa tunaloliona zaidi ni "Am Montag ich komme". Andika wewe kwanza, kwa mkono, ndani ya dakika 10. Kisha iambie programu ionyeshe makosa tu bila kukuandikia upya. Ukianza kwa kuiomba ikuandikie, umenunua samaki wa kukaanga ukidhani umejifunza kuvua. Na maelezo yake ya kanuni yahakiki kitabuni, maana hukosea kwa ujasiri uleule inaopatia nao.

Tungechanganyaje

Kwa A1 bila darasa: kadi dakika 20 asubuhi, Nicos Weg dakika 30, kusema na kujirekodi dakika 15, siku sita kwa wiki. Ongeza mwalimu nusu saa mara mbili, na ujumbe mmoja wa maneno 30 kila wiki. Jumla ni karibu saa 8 kwa wiki. Wiki 16 zinakupa saa 120 na zaidi, ndani kabisa ya makadirio ya Goethe-Institut. Pesa ya darasa ukiwa nayo ihifadhi kwa A2 na B1, ambako sarufi ya Dativ (umbo la anayetendewa, kama katika "mit ihr") na uandishi vinataka jicho la mwalimu kila siku. Mwezi wa mwisho kabla ya mtihani fanya karatasi za mfano ambazo Goethe-Institut inaziweka bure mtandaoni, kwa saa ya ukutani, siyo kwa kujisikia.

Na kitu cha dakika mbili kila siku: tahajia ya jina lako. Katika sehemu ya kuzungumza, baada ya kujitambulisha, mtahini hukuomba utaje neno herufi kwa herufi na useme namba, na wengi huchanganya na herufi za Kiingereza. E ikitamkwa kama Waingereza wanavyoita, Mjerumani ataandika I. J ni jot, V ni fau, W ni ve, Y ni üpsilon, Z ni tset. Mwajuma ni em, ve, a, jot, u, em, a. Wanjiku ni ve, a, en, jot, i, ka, u. Lako nalo liseme kwa sauti, kisha mtaa wako, kisha namba yako ya simu kwa jozi za tarakimu mbilimbili.